Kuchagua kibano cha klarineti kwa mpigaji wa visiwani

Vijana wanaojifunza klarineti hapa Unguja huniuliza sana: ninunue kibano gani ili sauti itoke nzuri? Kabla ya kujibu humwambia muulizaji anipe chombo chake, nikakivua kibano alichonacho na kukiweka juu ya meza tukitazame pamoja. Mara nyingi jibu huwa palepale. Kimepinda, au kimevishwa juu chini, au skrubu moja imekwisha meno.

Kibano, ambacho wapigaji wengine hukiita ligacha, ni ile pete inayoishika ridi (kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka) kwenye mausipisi (sehemu ya juu ya klarineti inayotiwa mdomoni). Kazi yake ni kuifanya ridi itulie mahali pake, ibanwe sawasawa kulia na kushoto, na sehemu yake ya mbele iliyochongwa iachwe huru itetemeke. Sauti yenyewe inatokana na pumzi, midomo, ridi na mausipisi. Kibano hakiwezi kuleta sauti ambayo haimo. Kinaweza kuikaba au kuiacha ipite. Tofauti kati ya kibano kizuri na kingine kizuri ipo, lakini ni ndogo, na mpigaji huihisi mdomoni zaidi kuliko msikilizaji anavyoisikia akiwa kwenye kiti. Nayasema haya mwanzo kwa sababu bei ya kibano kimoja cha daraja la juu inaweza kununua maboksi mawili au matatu ya ridi, na nimewaona vijana wakitoa fedha hiyo kisha wakaendelea kupigia ridi ile ile iliyochoka tangu Idd iliyopita.

Hatua ya 1: Kichunguze ulichonacho

Piga kwa muda wa saa moja, kisha fungua skrubu na uitoe ridi. Igeuze uutazame mgongo wake, pale palipobaki ganda la mwanzi. Kibano cha chuma huacha alama pale. Ukiona mistari miwili hafifu, mmoja kulia na mmoja kushoto, yenye uzito sawa, kibano chako kinabana vizuri. Ukiona upande mmoja umechimbika na mwingine hauna kitu, kimepinda. Ukiona alama iko katikati tu ya mgongo, kinaiminya ridi badala ya kuikumbatia, na kingo za ridi zinaweza kuinuka zikapitisha hewa.

Halafu fanya jaribio la kufyonza. Rudisha ridi ikiwa bado imelowa, ibane, uchomoe mausipisi peke yake. Ziba tundu la chini kwa kiganja, tia mausipisi mdomoni kama unavyopiga, fyonza hewa kwa nguvu, kisha itoe haraka. Ridi inatakiwa inate kwenye mausipisi kwa sekunde moja au mbili, halafu iachie yenyewe kwa mlio mdogo, "pa!" Ikiachia papo hapo, kuna mahali hewa inapita. Usikilaumu kibano bado. Badilisha ridi, jaribu tena, na tena kwa ridi ya tatu. Zote tatu zikigoma, azima kibano cha mwenzako ujaribu nacho. Ridi ikinata, umempata mkosaji: ni kibano chako. Isiponata hata kwa hicho, tatizo liko kwenye mausipisi, na hakuna kibano duniani kitakachokusaidia.

Kibano cha shaba kilichopinda kidogo kinaweza kunyooshwa. Kivishe kwenye kijiti cha duara chenye unene unaokaribiana na mausipisi, ukibonyeze polepole kwa vidole. Usitumie koleo. Kikivunjika pale panapoungwa kishikio cha skrubu, mpelekee sonara. Vyangu viwili vimeungwa na sonara wa Mji Mkongwe, na kazi yake imedumu kuliko ile ya kiwandani.

Hatua ya 2: Pima mausipisi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu anaona kwenye simu tangazo la kibano cha klarineti, anaagiza, kinakuja baada ya wiki sita, hakiingii. Klarineti si moja. Hutajwa kwa majina ya noti: iliyo ya kawaida kwetu ni ya Si bemoli, na ile ya La hutumia mausipisi hiyo hiyo, kwa hiyo kibano pia ni kimoja. Klarineti ndogo ya Mi bemoli ina mausipisi nyembamba. Ya besi ina nene. Mausipisi za mtindo wa Kijerumani ni nyembamba kuliko za Kifaransa ambazo wengi wetu tunazo. Hata baina ya mausipisi za aina moja, za ebonaiti (mpira mgumu), za plastiki na za kioo zinaweza kupishana unene, na kibano kinachokaa sawa kwenye moja kikacheza kwenye nyingine.

Chukua ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita moja. Weka ridi kwenye mausipisi, izungushe karatasi juu ya ridi na mausipisi pamoja, pale pale ambapo kibano hukaa. Tia alama ya kalamu ncha zinapokutana, kisha tandaza karatasi kwenye rula. Urefu huo ukiugawa kwa 3.14 unapata kipenyo. Mwandikie muuzaji namba zote mbili, jina la mausipisi yako lililochongwa juu yake, na kama ni ya ebonaiti au kioo. Muuzaji asiyeweza kukujibu kwa namba hizo, mwache.

Hatua ya 3: Zijue aina

Klarineti za mwanzo kabisa, zilizotengenezwa Nuremberg, Ujerumani, karibu na mwaka 1700, hazikuwa na kibano cha chuma. Ridi ilifungwa kwa uzi. Kibano cha chuma chenye skrubu kilikuja mwanzoni mwa karne ya 19, na sifa hiyo hupewa Iwan Müller, mpigaji aliyeibadilisha klarineti kwa mambo mengi. Mpaka leo baadhi ya wapigaji wa Ujerumani na Austria bado wanafunga kwa uzi na hawaoni haja ya kuacha.

Kibano cha kawaida cha chuma, chenye skrubu mbili upande wa ridi, ndicho kinachokuja na karibu kila klarineti ya mwanafunzi. Ni shaba iliyopakwa nikeli. Watu wanakidharau kwa sababu ni cha bei ndogo, nami sikubaliani nao hata kidogo. Kikiwa hakijapinda, na mausipisi ni saizi yake, kinafanya kazi inavyotakiwa.

Kibano kilichogeuzwa ni kile ambacho skrubu zake hukaa juu ya mausipisi, upande usio na ridi, na ridi hushikwa na reli mbili (mistari ya chuma iliyoinuka) au ukanda wa chuma. Maarufu katika kundi hili ni kile chenye jina la Bonade, mpigaji Mfaransa aliyefundisha Marekani. Wengi husema ridi hujibu wepesi. Ubaya wake ni kwamba ukikivisha kama kile cha kawaida, skrubu zikikaa upande wa ridi, hakitabana vizuri. Hilo nimelisahihisha kwa wanafunzi zaidi ya watano.

Vipo vya kubadilisha bamba. Kile cha kampuni ya Vandoren kiitwacho Optimum kina skrubu moja na mabamba matatu: moja lina reli mbili zinazofuata urefu wa ridi, jingine lina mistari miwili inayoikata ridi kwa upana, la tatu lina nukta nne. Ni kifaa kizuri sana, na ni ghali. (Vandoren ilianzishwa Paris mwaka 1905, mwaka ule ule kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kilipoanzishwa hapa Unguja. Kila nikifungua boksi la ridi hulikumbuka hilo, na hufurahi.)

Halafu kuna vya kitambaa, vya ngozi na vya mpira, kama vile vya kampuni ya Rovner vyenye skrubu moja. Vinakumbatia ridi pande zote na havipindi ukivikalia. Wapigaji wengi husikia sauti yake ni nzito na laini zaidi, ile mikwaruzo ya juu imepungua. Kwa anayekaa chini kupiga taarabu, karibu na kipaza sauti, sifa hiyo inaweza kumfaa. Kwa anayetembea barabarani na beni, akishindana na tarumbeta na ngoma, inaweza kumfanya asisikike, na akianza kulazimisha pumzi atachoka kabla msafara haujafika kwa bi harusi.

Hatua ya 4: Fikiria hewa ya kwetu

Maelezo mengi ya vibano yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi kavu. Shida yao ni mpingo wa klarineti kupasuka. Sisi shida yetu ni unyevu na chumvi. Wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, klarineti ikilala kwenye kisanduku kilichofungwa ikiwa haikufutwa, asubuhi viungo vimevimba havichomoki na ndani kunanukia ukungu.

Nilinunua kibano cha ngozi mwaka mmoja kabla ya mvua. Kilikuwa kizuri, ngozi nyororo, na nilikipenda kwa dhati. Mwezi wa pili wa masika nilikikuta na madoa meupe ya ukungu upande wa ndani, pale panapogusa ridi, na ridi nayo imeanza kubadilika rangi. Nilikifuta na kukianika kivulini, lakini ngozi ilikuwa imeshalegea na skrubu ilifika mwisho kabla ya kubana. Tangu hapo ninaponunua kibano laini natafuta cha kitambaa kilichopakwa mpira au plastiki, kinachofutika. Anayetaka ngozi aichukue, lakini ajue kwamba kila akimaliza kupiga lazima akitoe kibano, akifute, akiache kipate hewa nje ya kisanduku, kivulini. Jua kali huikausha ngozi ikawa ngumu kama kwato.

Chuma nacho kina adui yake. Shaba haili kutu nyekundu kama chuma cha msumari, lakini nikeli ikichubuka, jasho na hewa ya bahari huifanya shaba iote ukoga wa kijani, hasa kwenye meno ya skrubu. Kama unapiga sana ufukweni, Forodhani au Nungwi, chagua kilichopakwa vizuri, na ukiangalie kwa ndani kabla ya kununua. Fundi asiyejali hupaka nje tu.

Hatua ya 5: Jaribu bila kuona

Ukipata bahati ya kuazima viwili au vitatu, usiamini macho yako. Kibano cha rangi ya dhahabu kinasikika vizuri zaidi kwa anayekitazama.

Tumia mausipisi moja na ridi moja, isiyo mpya kabisa wala iliyochoka. Mpe rafiki kazi ya kubadilisha vibano bila kukwambia ni kipi, wewe ukiwa umefumba macho. Ridi hubadilika kadiri inavyolowa, kwa hiyo mwambie arudie: cha kwanza, cha pili, halafu cha kwanza tena. Kila mara piga vitu vile vile. Anza na noti ya chini kabisa, Mi, kwa sauti ndogo inayokaribia kimya, uone kama inaanza bila kukoroma. Vuka kutoka La ya katikati kwenda Si iliyo juu yake, mara kumi, polepole. Kibano kinachobana upande mmoja hujitangaza hapo kwa kulia kama bata. Piga noti fupi fupi za ulimi kwa kasi. Kisha piga kipande cha maqamu (mpangilio wa noti wa Kiarabu tunaoutumia katika taarabu) ya bayati au rasti ambacho mkono wako unakijua.

Jaribio hili la mwisho silioni katika miongozo ya wenzetu, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Katika maqamu hizo kuna noti zinazokaa katikati ya zile mbili za piano, na kwenye klarineti tunazipata kwa kulegeza midomo na kufunika tundu nusu. Ridi iliyobanwa kama imesulubiwa haikubali kuteremshwa hivyo. Inashuka kidogo, kisha inaruka au inakatika. Ridi iliyoachwa huru inakufuata kama sauti ya mwimbaji. Kama unapiga taarabu, kibano kinachokuruhusu kuteremsha noti hiyo taratibu na kuipandisha tena bila kukatika ndicho chako, hata kama kingine kina sauti kubwa.

Rekodi yote kwa simu, uiweke mbali kidogo, mita tatu au nne. Sikiliza kesho yake. Usiposikia tofauti, chukua cha bei nafuu kwa moyo mweupe.

Hatua ya 6: Kununua

Kwa Unguja duka la vifaa vya klarineti ni adimu, na Pemba ni zaidi. Wengi wetu tunamtuma mtu Dar es Salaam au Dubai, au tunamsubiri ndugu anayekuja kutoka Uingereza. Kibano ni chepesi, hakimtii mtu uzito kwenye begi, basi mwombe bila haya. Mpe ule ukanda wa karatasi wenye alama, mwambie aende nao dukani. Muombe pia akuletee skrubu za akiba, kwa sababu skrubu za kibano kimoja haziingii kwenye kingine, na kibano kinachokosa skrubu ni bangili tu.

Kijaribu kabla hujalipa ikiwezekana. Skrubu izunguke laini mpaka mwisho bila kukwama. Kishike kwenye mwanga uangalie kama reli zake mbili ziko sambamba. Kiwe na kifuniko chake, kwa sababu kifuniko cha kibano cha kawaida mara nyingi hakiingii juu ya kibano kinene cha kitambaa, na ridi isiyofunikwa haimalizi safari ya daladala ikiwa nzima.

Mwanafunzi wa skuli anayeanza asinunue kitu kingine zaidi ya cha kawaida cha chuma. Fedha iliyobaki anunue ridi.

Hatua ya 7: Kukivisha

Vibano vingi vinavyolaumiwa vimevishwa vibaya. Visha kibano kwanza, kikiwa kimelegea, sehemu yake pana ikielekea chini. Kama ni cha kawaida, skrubu zikae upande wa ridi na vichwa vyake vielekee mkono wako wa kulia. Kisukume juu kidogo, uteremshe ridi chini yake kwa kuishika ubavuni. Kwa njia hii ncha ya ridi haiguswi na chuma. Linganisha ncha ya ridi na ncha ya mausipisi mpaka uone weusi wa mausipisi ukichungulia kwa kiasi cha unywele. Shusha kibano kwenye sehemu yenye ganda. Mausipisi nyingi zina mistari miwili iliyochongwa; kibano kikae baina yake au chini yake kidogo, kamwe kisipande juu ya sehemu ya ridi iliyochongwa.

Kaza skrubu ya chini mpaka ridi isitembee. Ya juu ikaze mpaka iguse tu, kisha acha. Kukaza kwa nguvu za kufunga boti huua sauti, hupindisha kibano, na polepole huharibu hata mausipisi. Tia tone moja dogo la mafuta ya cherehani kwenye meno ya skrubu mara moja kwa mwezi. Mafuta ya nazi yananata na kukusanya vumbi.

Akiba: uzi

Beni yetu ilikuwa Makunduchi kwa harusi, tumeshateremka garini, wanawake wameshaanza vigelegele, nikaisikia skrubu ya chini ikidondoka mchangani. Usiku, mchanga mweupe, watu wamejaa. Sikuipata. Mvuvi mmoja aliyekuwa kando yangu alinipa uzi wa kushonea nyavu, nikafunga ridi kama nilivyowahi kuona kwenye picha ya Wajerumani, nikapiga mpaka usiku wa manane. Sauti haikupungua kitu. Noti za chini zilikuwa laini kuliko nilivyozoea, na sikukirudia kibano changu cha chuma mpaka wiki ya pili.

Tangu usiku ule kisanduku changu hakikosi uzi. Uwe uliosokotwa, wa pamba au nailoni, unene wa milimita moja na nusu hivi, urefu wa mita moja na nusu. Mshipi wa kuvulia haufai, unateleza. Weka ridi mahali pake uishike kwa kidole gumba. Laza ncha ya uzi kwenye mgongo wa ridi, sentimita tano ikining'inia upande wa chini, anza kuzungusha kutoka juu kuelekea chini, kila mzunguko ukiugusa uliotangulia na kuilalia ncha ile. Mizunguko mitatu ya kwanza iwe ya kushika tu, inayofuata ivutwe imara zaidi. Ukifika ya kumi au kumi na mbili, pitisha ncha ya mwisho chini ya mizunguko miwili ya mwisho, uivute ikaze, kisha ufunge ncha zote mbili fundo moja la kuteleza pembeni, si juu ya ridi. Fanya jaribio la kufyonza. Ukilowa kidogo uzi wa pamba hukaza zaidi, basi uache ulegee kwa kiasi hicho unapofunga.